Pua ya Kuazima

Mwisho wa mwezi, duka la jumla la vinywaji la Maige pale Mkuyuni huwa halina pa kukanyaga. Makreti yanashushwa mlangoni, wenye baa wanagombania risiti, redio inapiga kelele juu ya friji. Katikati ya vurugu hiyo Sabina alikuwa amesimama kwenye kaunta, amevaa gauni la kitani la rangi ya krimu, nywele amezisuka na kuzibana nyuma, mkononi ana glasi ndogo yenye wiski kidogo. Akaizungusha, akaipeleka puani, akafumba macho.

"Nzuri," alisema. "Nipe katoni mbili."

Maige alitabasamu. Katika mambo ya vinywaji vikali, neno la Sabina lilikuwa la mwisho mjini Mwanza. Kwa miaka tisa alikuwa akichagua wiski, brandi na ramu za hoteli moja kubwa ya Capri Point, na wenye baa wengi walisubiri waone anachonunua ndipo nao wanunue.

"Samahani, dada," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake, taratibu, kama ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. "Usiichukue hiyo. Inanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mimi nimeisikia kutoka hapa."

Sabina aliirudisha glasi kwenye kaunta. Alimtazama Maige, akacheka. "Nilikuwa nakupima tu, Maige. Hebu nusa mwenyewe."

Maige alinusa, akakunja uso, akaanza kuomba radhi. Mzigo ule, alisema, aliletewa na mtu mgeni. Sabina hakumsikiliza. Yule mwanamume alikuwa ameshalipia chupa yake na kutoka. Akamfuata hadi barabarani.

"Kaka, subiri! Umejifunzia wapi wiski?"

Alikuwa mrefu, mweusi tii, shati la bluu limepigwa pasi vizuri. "Wiski? Sijawahi kunywa hata kijiko. Baba yangu alikunywa kwa niaba ya ukoo mzima. Naitwa Gidion Ojuok. Niko kiwanda cha minofu. Sangara wakishushwa, mimi ndiye nafunua matamvua, nanusa, nasema huyu apite, huyu arudi. Huu ni mwaka wa kumi na moja." Akashusha sauti. "Na wewe husikii harufu, dada. Au nimekosea?"

Kwa miezi miwili hakuna mtu aliyemuuliza hivyo. Sabina alijaribu kucheka tena, kicheko kikakataa.

"Tangu Machi," alisema. "Homa ilinilaza wiki mbili. Ilipoondoka, iliondoka na pua yangu."

"Nani anajua?"

"Wewe."

Gidion alitazama chini, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito bila kutarajia. Kisha akamwonyesha chupa aliyonunua. Ilikuwa zawadi ya msimamizi wake, mzee Paulo, aliyekuwa anastaafu.

"Huyo mzee anapenda nini?" Sabina aliuliza.

"Chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Na usingizi."

"Basi hiyo itamkaba koo. Rudi ukaibadilishe. Mwambie Maige akupe ile iliyokaa kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa mvinyo mtamu. Ina zabibu kavu ndani yake, ina ukarimu."

"Unajuaje, na husikii?"

"Nakumbuka," alisema Sabina, na machozi yakamtoka pale pale, mbele ya watu na makreti yao.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Jumapili baada ya kanisa Gidion alikwenda Butimba, kwenye vyumba viwili alivyopanga Sabina, wakakaa barazani na glasi sita za sampuli za hoteli mezani. Sabina alitia matone ya maji katika kila glasi ili harufu ifunguke. Gidion alinusa, akagusisha ulimi, akatema kwenye kopo.

"Hii ni jiko la bibi yangu kule Shirati," alisema siku moja, macho ameyafumba. "Samaki wamekaa juu ya moshi wiki nzima, halafu mtu kapita na dawa ya kidonda."

Uso wa Sabina uling'aa. "Hiyo ya visiwani, Uskochi! Kule shayiri wanaikausha kwa moshi wa udongo mweusi wa majimajini, wanauchoma kama kuni. Endelea. Hii?"

"Sukari guru. Na ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi."

"Ramu ya miaka mingi. Hiyo tunaichukua." Akaandika daftarini. "Na hii ya mwisho?"

Gidion alinusa kwa muda mrefu. "Hii inanuka wewe."

"Ninanukaje?"

"Mafuta ya nazi, na ubao uliopigwa randa."

Sabina aliinamisha kichwa. Alikuwa amesahau kwamba bado ana harufu.

Mchana, wakati wa mapumziko ya kiwandani, simu ya Sabina ilikuwa ikiita.

"Nyar Magu," Gidion alikuwa akisema, maana ndivyo Wajaluo wanavyomwita binti aliyetoka Magu. "Umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Umekula nini?"

"Sijui. Kilikuwa cha moto."

Walikuwa wakicheka, kisha Gidion akirudia lile lile. "Mwambie bosi wako, Sabi. Mimi napenda kukusaidia, ila kujificha sipendi."

"Nitamwambia."

Ikapita Juni. Jumapili moja ya Julai alipoulizwa tena, Sabina alijibu huku akifuta glasi, "Nimeshamwambia." Gidion alimshika mkono, akaubusu. Furaha ile usoni mwake ilimchoma Sabina, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Mwezi wa nane wenye hoteli walikuja kutoka Dar kuchagua vinywaji vya baa mpya. Asubuhi ile Sabina alisahau daftari nyumbani, akampigia Gidion amletee. Alipokuwa akishuka ngazi, amevaa suti nyeusi na skafu nyekundu, alimwona amesimama mapokezi na meneja, Josephat, wanapeana mikono.

"Nashukuru sana kwa moyo wako, meneja," Gidion alikuwa akisema. "Si kila bosi angemvumilia mtu wa kazi hii aliyepoteza kunusa."

Josephat hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Sabina, akauliza neno moja tu: "Lini?"

"Machi."

"Miezi mitano unanisainia mizigo." Alivua miwani, akaifuta polepole. "Nenda nyumbani, Sabina. Wageni nitawaambia unaumwa. Si uongo."

Nje, kwenye maegesho, Sabina alimgeukia. "Umenimaliza, Gidion! Nani alikwambia ufungue mdomo?"

"Uliniambia umeshamwambia."

"Hukupaswa kusema!"

"Sabina." Sauti yake haikupanda. "Uliniambia."

Sabina alipanda bodaboda akaondoka. Jioni alizuia namba yake.

Wiki tatu alikaa ndani. Barua ya kuachishwa kazi ilikuja. Alikwenda hospitali, jambo aliloliogopa tangu Machi, na daktari akamweleza bila kuzunguka: mishipa ya kunusa imeharibika, huenda ikapona, huenda isipone, na asiyajenge maisha yake juu ya kusubiri. Aliitikia kwa kichwa kama anayeambiwa habari za mtu mwingine.

Kisha Obedi, mhudumu wa kaunta pale hotelini, akampigia.

"Dada Sabina, meneja alimwita shemeji Gidion hapa hotelini. Akampa kazi yako."

Sabina alisimama. "Akaichukua?"

"Akakataa. Alisema yeye ananusa tu, hajui anachokinusa. Anayejua ni wewe. Akaomba msamaha pia. Akasema kosa ni lake, alizungumza jambo lisilokuwa lake."

"Hakusema kwamba nilimdanganya?"

"Hapana, dada. Ulimdanganya?"

Sabina alishusha simu. Mwanamume yule alikuwa na neno moja la kujitetea, neno la kweli, na hakulitumia.

Kesho yake alikwenda kwa Josephat, akakataa kiti. "Gidion hakukosea kitu. Nilikudanganya wewe, na yeye nikamdanganya kwamba nimeshakwambia. Nimekuja kusema hilo tu."

Josephat alilifunga faili lililokuwa mbele yake. "Nafasi yako siwezi kukurudishia," alisema. "Lakini hawa wa kaunta hawajui kutofautisha brandi na ramu. Ungekuja mara mbili kwa wiki ukawafundisha, ningekulipa kwa siku."

"Nitakuja," alisema Sabina.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kiwandani. Saa kumi zamu ilitoka, wanawake kwa wanaume, wakivua kofia nyeupe. Gidion alikuwa wa mwisho, buti zimelowa. Alipomwona alirudi nyuma hatua moja.

"Usisogee. Nanuka samaki."

"Kwangu hunuki kitu," Sabina alisema, na hakuna aliyecheka. "Nilikudanganya, Gidion. Ukaniamini, nikakuadhibu kwa kuniamini. Sina cha kujitetea. Nisamehe."

Gidion alivua kofia yake. Wafanyakazi walipita pembeni yao wakigeuza shingo.

"Nilikupigia mara arobaini," alisema.

"Najua. Nilizuia namba yako."

"Usinifanyie hivyo tena. Nigombeze, nitukane, lakini usinifungie."

"Sitakufungia." Akasogea hatua moja. "Daktari anasema huenda pua isirudi kabisa."

"Basi isirudi."

"Si rahisi hivyo. Nitaunguza mboga nikiwa nimesimama juu ya sufuria."

"Nitasikia mimi."

"Gesi itavuja ndani ya nyumba."

"Nitasikia mimi. Na mtoto akijichafua, nitasikia kabla hajaanza kulia."

Sabina aliinua uso. "Mtoto gani?"

Gidion alizitazama buti zake. "Wetu. Kama utaniruhusu nije Magu kumwona mama yako."

Sabina alikuwa na hofu, na safari hii hakuificha. Aliiacha ionekane usoni, mwenzake aione. Kisha akaushika ule mkono uliolowa, mbele ya zamu nzima.

"Njoo na wajomba zako," alisema. "Na mimi nitampigia mama leo hii, nimweleze yote, pamoja na pua."