Viatu Vilivyobaki Garini

Kila Jumamosi asubuhi, katika nyumba yao ya kupanga huko New Hope, jimbo la Minnesota nchini Marekani, Elinaja alikuwa na kazi moja tu: kutoa takataka. Na kila Jumamosi takataka zilitolewa na mama yake. Elinaja, mwenye miaka kumi na miwili, hakuwa mtoto mbaya. Tatizo ni kwamba mzigo wowote ulimchosha kabla hajaushika, na alikuwa hodari wa kusema "nimeshafanya" huku amekaa.

Baba yake, Godlisten, alikuwa mtu wa mizigo. Zamani, kabla ya kuja Minnesota kusoma na kuajiriwa katika maabara ya hospitali huko Coon Rapids, alikuwa mpagazi katika mlima Kilimanjaro. Karo yake yote aliitoa mgongoni. Mwezi wa saba alitaka kumpeleka bintiye Tanzania waupande mlima ule pamoja, na tiketi zilikuwa zimeshakatwa.

"Wenzangu wa zamani watakuona," alimwambia mara kwa mara. "Watasema, kumbe huyu ndiye binti wa Godi!"

Kwa mazoezi, mwishoni mwa Machi walisafiri kwenda kupanda mlima mmoja wa mbali kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Kabla ya kuondoka, Baba alitundika mabegi kwenye mizani ndogo ya mkono, ile ile waliyopimia masanduku ya kwenda nyumbani.

"Kule Kilimanjaro mzigo hupimwa getini," alisema. "Wako kilo tano. Humo mna soksi kavu zetu sote na viatu vyangu vya akiba. Usivipoteze."

"Okay, Baba."

Asubuhi walipofika chini ya mlima, Baba alikwenda kuandika majina yao kwenye daftari la wapandaji. Elinaja akalijaribu begi. Likamkata mabega. Haraka haraka akatoa mfuko wa soksi na viatu, akausukuma chini ya kiti cha nyuma, akajaza koti lake jepesi ili begi lisinywee. Jua lilikuwa linawaka. Nani angehitaji soksi?

Theluji ya asubuhi ilikuwa ngumu, wakatembea juu yake bila shida. Saa saba mchana walikuwa kileleni, wakala chapati, na Baba akaimba. Kurudi ndiko kulikuwa kazi. Theluji ilikuwa imelainika, kila hatua wakazama hadi magotini. Walipofika kwenye kijito walichovuka asubuhi, barafu ilikuwa imegeuka ya kijivu na maji yalisikika yakipita chini yake.

Baba alisimama akafikiri. Kulikuwa na njia ya kuzunguka, lakini ingewachukua saa mbili zaidi.

"Nitakubeba usilowe," alisema. "Mimi nikilowa, nitabadilisha. Soksi na viatu vipo?"

Kwa kawaida Elinaja alimjibu Baba kwa Kiingereza. Sasa alijibu kwa Kiswahili safi, ili asiulizwe tena.

"Vipo, Baba."

Baba alitabasamu. Alipenda sana kumsikia akisema Kiswahili. Akainama, na Elinaja akapanda mgongoni.

Katikati ya kijito barafu ilikatika. Maji yalimfika Baba magotini, lakini hakumwangusha mtoto. Alipofika ng'ambo alimtua, akaketi juu ya gogo, akavua viatu vilivyojaa maji. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete."

Elinaja akaanza kulia.

"Viko wapi?" Baba aliuliza polepole.

"Garini."

Baba hakumgombeza. Elinaja alivua soksi zake akampa, lakini hazikupita kisigino. Wakachana lile koti jepesi, Baba akafunga miguu, akavaa tena viatu vyake vilivyolowa. Kufika garini kulikuwa bado mwendo wa saa tatu. Jua lilizama na baridi ikarudi kali kuliko ya asubuhi. Baba alikanyaga kwa maumivu, na baadaye akasema haumwi tena, wala hasikii vidole.

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mguu wa kulia, vilivyokuwa vimekufa kwa baridi.

Nyumbani Baba hakulizungumzia jambo hilo hata mara moja, na ukimya ule ulimtesa Elinaja kuliko kiboko. Tangu hapo takataka zilitoka kabla Mama hajaamka.

Mwezi wa saba walikwenda Tanzania. Wapagazi wa zamani walimpokea Baba kwenye geti la mlima kwa kelele za furaha. Mmoja wao, Mzee Tumsifu, akamwona anavyochechemea.

"Godi, mguu umepatwa na nini?"

Elinaja akajibu kabla ya Baba, kwa Kiswahili. "Ni mimi, Babu. Nilitoa viatu vyake kwenye begi, kisha nikamwambia vipo."

Mzee Tumsifu aliinamisha kichwa. Baba akamshika bintiye bega.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," alisema. "Ungeniambia garini, ningebeba mimi. Hata pale kijitoni ungesema havipo, tungezunguka. Mimi nilivuka kwa sababu ya neno lako. Nimekusamehe siku nyingi, ila vidole havioti tena. Mtu akikuuliza, mwambie ukweli wakati bado unaweza kumsaidia."

"Ndiyo, Baba."

Kwa sababu ya mguu wa Baba, mlima hawakuupanda. Elinaja alibeba mabegi yote mawili hadi kwenye gari, na hakuna aliyemwambia abebe.