Gari Jekundu la Cheyo

Kiti cha dereva kilikuwa na joto, kama mtu amenyanyuka sasa hivi, na gari lile jekundu halijawashwa tangu mwaka wa uhuru.

Yahaya, fundi wa magari pale Cheyo, Tabora, alikigusa tena. Uani kwake yalikuwepo magari mawili ya mbio, ya milango miwili: hilo jekundu, zito, la enzi za mkoloni, alilolikokota kutoka porini kando ya njia ya zamani ya misafara ya wapagazi; na la bluu, jepesi, la juzi juzi tu. La bluu lilikuwa na umbo, jekundu lilikuwa na moyo. Miaka ile ya Ujamaa vipuri vilikuwa adimu, basi akang'oa kabureta ya jekundu, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, akaifunga kwenye la bluu. Likawaka mara moja.

Mkewe, Batuli, alisikia humo ndani harufu ya jasho la watu wengi. Alasiri hiyohiyo binti yao Swaumu, aliyekuwa akicheza ndani ya la bluu, alitolewa humo akiwaka homa, akisema kwa sauti ya mwanamume:

"Nimechoka kutembea. Nirudishieni gari langu."

"Huyo si mwanangu anayesema," Batuli alinong'ona.

Yahaya alikimbilia uani, akaifungua kabureta, chuma kikimuunguza ingawa injini ilikuwa imepoa, na nyuma yake akisikia nyayo, nyayo nyingi za watu wenye mizigo, zikija kutoka barabarani, zikiingia uani, zikimzunguka, naye akigeuka haoni mtu. Akairudisha kwenye jekundu. Homa haikushuka.

Bi Mwamvita, mganga wa mtaa, alifukiza ubani na kusoma mpaka sauti ikamkauka. Akamwita Yahaya pembeni.

"Huyo pepo gari amelipata. Sasa anataka dereva."

"Nikikataa, bibi?"

Bi Mwamvita alimtazama mtoto.

Yahaya akainama, akambusu Swaumu kwenye paji la uso.

"Mshikilie vizuri," alimwambia Batuli. "Usitoke nje."

Akatoka, akaketi kwenye kiti cha dereva cha lile jekundu. Injini ikanguruma, bila betri. Swaumu akalowa jasho, akafumbua macho.

"Mama, nina njaa."

Batuli akatoka mbio kumwita mumewe. Vumbi lilikuwa limetanda barabara ya kwenda Ipole. Akaita, "Yahaya! Yahaya!"

Kutoka ndani ya vumbi wakaitika watu wengi.