Fundo la Nne

Siku ya nne ya mvua nilitoka kwenda kuteka maji.

Ilikuwa Agosti, saa moja jioni, saa ambayo kwetu Wales jua huwa bado liko juu, lakini mawingu yalikuwa yameshaleta giza. Karavani yetu, kijumba cha kukokotwa na gari, ilikuwa kwenye kambi moja ya likizo karibu na mdomo wa Mto Dyfi. Uwanja wa nyasi tu, bomba moja la maji, na jengo moja la bafu na kuoshea vyombo. Wenye akili zao walikuwa wamezifunga karavani zao nyuma ya magari wakarudi makwao. Tulibaki watu wa karavani saba.

Mume wangu Gethin alikuwa amekaa akitazama dirisha lisiloonyesha kitu ila maji yakiteremka. Nikavaa mabuti ya mpira, nikachukua pipa letu la maji la kubingirisha, nikatoka. Sikuwa na haja kubwa ya maji. Nilishindwa tu kukaa mle ndani nikimsikiliza akipumua.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Lowri, wa miaka saba. Mwezi wa pili alishikwa na homa usiku. Gethin alitaka tumpeleke hospitali. Mimi nikasema ni mafua, tusubiri asubuhi. Nikampa dawa, nikamfunika vizuri.

Hakuiona asubuhi.

Gethin hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu. Kila mmoja wetu alianza kupita pembeni ya mwenzake kama watu waliokutana kwenye ngazi nyembamba. Nafasi yetu kambini tulikuwa tumeiweka mapema, kama kila mwaka, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupiga simu kuifuta. Basi tukaja.

Penye bomba nilimkuta mama mmoja wa miaka sitini na kitu, amevaa koti la mvua la kiume lililomfika vifundoni.

"Maji juu, maji chini," akaniambia, "na bado tunapanga foleni ya maji."

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kinasikikaje.

Jina lake Mererid. Karavani yake ilikuwa ile ya kijani, peke yake kando ya ua wa miiba. Akaniuliza kama tuna watoto. Nikasema tunaye mmoja. Kisha nikasema, tulikuwa naye. Hakunipa pole. Aliushika mkono wangu, akaniambia kesho niende kwake tunywe chai.

Nilikwenda kesho yake mchana, mvua bado inanyesha. Alikuwa amekaanga vikeki vya zabibu, na madirisha yote yalikuwa na ukungu wa mvuke. Nikamweleza yote. Homa, dawa, maneno yangu ya kusubiri asubuhi, nguo za kulalia zenye picha za sungura. Sijawahi kumweleza mtu yeyote hivyo. Alisikiliza bila kunikatiza, akimimina chai.

Vikombe vitatu.

Cha tatu alikiweka sakafuni, mbele ya pazia lililoficha kitanda cha nyuma.

Nikadhani ana paka.

Pazia likasogea chini... kidogo. Mkono mdogo ukatoka, ukakishika kikombe, ukakivuta ndani. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, kama za mtu aliyekaa majini muda mrefu. Harufu ya tope la mto ikajaa karavani nzima.

"Ni Cai wangu," Mererid alinong'ona. "Hapendi wageni."

Nikamuuliza ana miaka mingapi. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Tisa. Alizama hapa mtoni. Angekuwa hai sasa angekuwa na ishirini na mmoja."

Nikakiweka kikombe changu mezani. Nyuma ya pazia mtu alikuwa akinywa chai, taratibu.

"Usiogope, mwanangu," akasema. "Hawana ubaya. Wana baridi tu."

Kisha akanieleza, kwa sauti ileile ambayo mwanamke hutumia kumweleza mwenzake namna ya kufuma sweta. Unachukua uzi wa kitu alichokivaa. Unapiga mafundo matatu, kila fundo unalitajia jina lake. Unautundika chini ya kidirisha cha darini, mvua ikiwa inapiga. Walio nje hutafuta paa, na paa lenye jina lao hulijua. Mvua ikikatika, wanakwenda zao.

"Lakini wako haendi," nikasema.

"Wangu nilimfungia la nne." Aliyatazama makombo mezani. "Ukifunga la nne, hatoki tena. Ila nyumba zetu hizi ni ndogo, mwanangu. Akiongezeka mmoja, mmoja hutoka."

Nikamuuliza mume wake yuko wapi.

"Alitoka kukaza kamba za turubai," akasema. "Mvua ilikuwa kama hii."

Nikaondoka. Njiani niliapa sitafanya upuuzi ule. Lakini mfukoni mwa koti langu mlikuwa na glavu nyekundu ya Lowri, ya mkono wa kushoto, na kabla sijafika mlangoni kwetu vidole vyangu vilikuwa vimeshaipata ncha ya uzi.

Nilisubiri mpaka jioni, Gethin alipokusanya vyombo kwenye beseni akasema anakwenda kuviosha. Kule kwenye jengo kulikuwa na kipasha joto, alipenda kukawia. Mlango ulipofungwa, nikapanda juu ya kiti. Fundo la kwanza, Lowri. La pili, Lowri. La tatu nililitaja nikiwa nimefumba macho.

Nikautundika uzi, nikakaa.

Mvua ilikuwa ikipiga paa kwa sauti moja, nzito, kama siku zote tano zilizopita. Halafu nikasikia pengo. Mahali pamoja juu ya paa, pale kwenye kona, mvua haikuwa ikipiga. Mahali padogo. Kama kuna mtu amesimama pale na mvua inampiga yeye.

Pengo likasogea.

Likaja polepole juu ya jiko... juu ya meza... likafika mlangoni, likashuka.

"Mama."

Sikufungua mlango. Alikuwa ameshakaa kando yangu. Nywele zimemganda usoni, nguo za sungura zinachuruzika maji, miguu mitupu haifiki sakafuni. Nikampakata bila kufikiri. Ubaridi ukanipita tumboni ukatokea mgongoni, na sikumwachia.

Nilimwomba anisamehe. Nililia mpaka maneno yakapotea.

"Ulisema tusubiri asubuhi," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama anakumbuka tu.

"Nilisema."

"Kuna baridi huko, Mama. Funga la nne."

"Na baba yako?"

"Baba ana koti."

Ningependa kusema kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilimweka kitini, nikapanda, nikaushika uzi nikaanza kuuzungusha. Nilikuwa najua ninachokifanya. Nilikuwa nimeelezwa wazi, mchana, huku nakula vikeki.

Nje nikasikia buti za Gethin kwenye kokoto. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Kisha zikaanza kuondoka.

Nikafuta ukungu dirishani. Beseni la vyombo lilikuwa limewekwa juu ya ngazi yetu, taratibu, limefunikwa kitambaa juu. Mgongo wa Gethin ulikuwa ukienda upande wa mtoni. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kumchukua mtoto shuleni. Nikamwita. Hakugeuka.

"Kaza, Mama."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameushika ukingo wa sketi yangu, anausugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Lowri alifanya hivyo kila alipotaka kulala, tangu akiwa mchanga.

Mikono yangu ikasimama. Nilibaki hivyo kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, uzi kidoleni, mtoto chini yangu, mume wangu anaishia gizani.

Kisha nikaanza kufungua.

Kitanzi cha nne kikaachia. Nikafungua la tatu. "Mama," akasema. Nikafungua la pili. "Mama." Sauti ilikuwa imeshuka. Fundo la kwanza lilikuwa limelowa na kukaza, ikabidi nilifungue kwa meno, na ladha yake ilikuwa ya sufu na tope.

Hakulia. Aliinua uso akaniuliza, "Asubuhi imefika?"

"Ndiyo, kipenzi," nikamwambia. "Imefika."

Kitini pakabaki maji tu. Juu ya paa mvua ikawa inapiga kila mahali.

Nikatoka mbio bila viatu. Nilimkuta Gethin ndani ya mto, maji yanamfika kifuani, bado anasonga mbele. Niliita jina lake mpaka koo likachanika. Mwisho akasimama. Akageuka akanitazama kama mtu aliyeamshwa ndani ya basi, akarudi. Nilimvua nguo, nikampangusa, nikamchemshia maji. Maji yaliyokuwa kitini niliyafuta kabla hajayaona.

Asubuhi jua liliwaka. Nilikwenda kwa Mererid. Nilitaka kumsihi, au kumpiga, sijui. Karavani ya kijani haikuwepo. Pamebaki mstatili wa nyasi za njano, na mwenye kambi, Bwana Tudno, amesimama pembeni yake mikono mfukoni.

Aliniambia Mererid ameondoka alfajiri. Redio ilisema mvua inahamia kaskazini, naye siku zote huifuata. Nikamuuliza habari za mume wake. Akasema alipotea hapahapa, mwaka mmoja baada ya kumzika mtoto. Walimtafuta wiki mbili, hawakupata hata kiatu.

"Na mtoto mlimwona? Mlimzika kweli?"

"Jeneza nililibeba mimi," akasema. Akalipiga teke bonge la udongo. "Dada, nitakwambia jambo, lakini usinifanye mwendawazimu. Mume wake alikuja kwangu siku mbili kabla hajapotea. Akaniambia yule aliye nyuma ya pazia si Cai. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, nimemuuliza jina la mbwa wetu. Halijui."

Nilirudi kwetu nikitembea katikati ya madimbwi. Nilihesabu kila neno aliloniambia yule niliyempakata. Homa. Kusubiri asubuhi. Sungura kwenye nguo. Yote nilikuwa nimeyasema mwenyewe, mezani kwa Mererid, futi nne kutoka kwenye lile pazia.

Yote isipokuwa kile alichokifanya kwenye ukingo wa sketi yangu. Hicho sikumwambia mtu. Kwa hiyo sijui. Kama hakuwa yeye, basi kuna kitu nilikiomba msamaha ambao ulikuwa wa mwanangu. Na kama alikuwa yeye, nilimtoa nje kwenye mvua, nikamdanganya kwamba kumekucha.

Karavani tuliiuza mwezi wa tisa.

Mwezi wa kumi na moja, Jumapili moja mchana, tulikuwa jikoni kwetu Wrexham tunamenya viazi. Gethin akaanza kusema bila kuinua kichwa. Alisema siku ile alipofika mlangoni na beseni, alisikia sauti yangu kutoka ndani. Ilimwambia asiingie. Ilimwambia Lowri yuko mtoni, anangoja, aende akamchukue.

"Sikusema hivyo, Gethin."

"Najua."

"Sauti haikuwa yangu."

"Nilijua palepale si wewe." Kisu chake kilisimama. "Wewe hujalitaja jina lake mbele yangu tangu mwezi wa pili."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikwenda.

"Kwa sababu ililitaja," akasema.

Mvua ilikuwa imeanza dirishani. Niliweka kiazi chini, nikamshika mkono, wenye maji na maganda. Nikalitaja jina la mwanetu kwa sauti, mara moja. Kisha sote wawili tukanyamaza, tukawa tunasikiliza kama kuna atakayeitika.