Muhogo Uliokataa Kuugua

Kila asubuhi kabla ya shule, Nadège alikwenda shambani na mama yake, Mama Euphrasie, kuchuma pondu. Majani hayo ya muhogo mama aliyavusha kwa mtumbwi kwenda kuyauza mjini, ng'ambo ya mto. Shamba lao lilikuwa Lubunga, kando ya reli. Msimu ule kazi iliisha upesi mno. Majani yalikuwa yamejikunja na kuingia mabaka ya manjano, na mizizi waliyoichimba ilikuwa myembamba kama vidole vya mtoto. Ugonjwa ulikuwa umepita shamba kwa shamba.

Mmea mmoja tu, karibu na kichuguu, ulikuwa na majani mapana, mabichi, yasiyo na doa. Mama Viviane, mtaalamu wa kilimo aliyekuja kuangalia ugonjwa huo, aliuzunguka kama mtu asiyeamini macho yake.

"Huu mliupanda?"

"Hapana," alijibu Mama Euphrasie. "Uliota wenyewe."

"Bon, sawa. Mihogo mingine mliipanda kwa vipande vya shina, kwa hiyo kila mmoja ni pacha wa mama yake. Mama akishindwa na ugonjwa, na mtoto anashindwa. Lakini huu umetoka kwenye mbegu. Una baba na mama. Pengine umerithi jeni inayoukinza ugonjwa." Akamgeukia Nadège. "Jeni ni kama agizo dogo ndani ya mmea, linalotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Msiuguse. Nitarudi kukata shina lake tulipande, tuone kama watoto wake nao watakataa kuugua."

Siku zilizofuata zilikuwa za njaa. Trésor, mdogo wake Nadège, ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye malaria, na mama alikuwa amevuka mto.

"Yaya, njaa," alilia Trésor, akimwita dada yake. "Njaa, yaya."

Nadège alishika njia ya shambani. Alichimba hapa, akachimba pale, akapata nyuzi tupu. Mwishowe alisimama mbele ya mmea wa kichuguu. Alilishika shina kwa mikono miwili, akavuta. Mizizi ilitoka minene, mizuri. Shina alilikatakata kwa panga, akalitupa mtaroni kando ya reli. Trésor alikula, akalala. Nadège naye alikula.

Mama Euphrasie alipoliona shimo, alikaa chini kwenye udongo. Majirani walianza kumtafuta mwizi. Walimtaja Ezéchiel, mzee aliyetoka Opala na aliyeishi peke yake jirani na shamba. Hakuna aliyemwona akiiba. Walimwona tu akipita na jembe. Wanawake waliacha kumsalimu. Watoto walimzomea njiani, na Nadège akanyamaza.

Alasiri moja Nadège alimkuta Ezéchiel akifunga mzigo wake mlangoni.

"Unakwenda wapi, tonton?" alimuuliza, akimwita mjomba kwa heshima.

"Nyumbani Opala. Mahali ninapoitwa mwizi, hata usingizi hauji."

Nadège alikimbia hadi kwa mama yake. "Mama, ni mimi! Niliung'oa mimi, Trésor alikuwa na njaa!"

Mama alimshika mkono, wakaenda kwa Ezéchiel kumwomba radhi. Mzee yule alisikiliza, akafungua mzigo wake polepole. Hakutabasamu.

Mama Viviane alipopata habari, alikuja mbio. "Shina liko wapi?"

Nadège aliwaongoza hadi mtaroni. Mbuzi walikuwa wamekula vipande vingi, na jua lilikuwa limevikausha vingine. Kipande kimoja tu, kilichozama kwenye tope, kilikuwa na jicho lililoanza kuchipua. Walikipanda. Kikaota, na ingawa inzi weupe wanaoeneza ugonjwa walitua juu yake, majani yake yalibaki safi.

"Kwa hiyo kinga imo kweli?" aliuliza Nadège.

"Mpaka sasa inaonekana imo. Lakini kipande kimoja hakilishi Lubunga. Tutakikuza, tukate, tupande, tukate tena. Misimu itapita."

Nadège aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, binti yangu," alisema Mama Viviane. "Mizizi uliyompa ndugu yako haikuwa hasara. Urithi wa mmea ulikuwamo ndani ya shina pia. Ungelisema siku ileile, tungelipanda shina zima, na Trésor angelikuwa ameshiba vilevile. Njaa yako siilaumu. Ukimya wako ndio uliotupotezea vipande vya kupanda, na ndio uliomuumiza mtu asiye na kosa. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Ndiyo, Mama Viviane," alijibu Nadège kwa sauti ndogo. Nyuma yao mashamba ya Lubunga yalikuwa ya manjano hadi relini. Mama Euphrasie alimpa jembe, wakaanza kung'oa mihogo iliyougua ili isizidi kueneza ugonjwa.