Mwenye Gari Nani?

Mimi siku ile nilikuwa na safari ya mihogo tu. Mdogo wangu Firdausi, anayekaa Kisarawe, aliteleza kisimani akateguka mguu, nami nikang'oa mihogo mitamu nimpelekee. Kiroba kipo mlangoni, viatu nimeshavaa, namngoja mwanangu Faraji. Alisema atafika saa nane. Faraji akisema saa nane, wewe kaanga samaki, ule, uoshe vyombo, kisha ndiyo uanze kumngoja. Jua lilikuwa limeshalegea. Huku kwetu Janga, jua likishalegea vile, mtu mwenye akili haanzi safari.

Sikumwona. Nilimsikia.

Gari lake lilikuwa na mngurumo wa chini, wa kifuani, kama paka anayekula huku anakutazama usimwibie.

Niwaambie hilo gari lilivyo. Jekundu, la Kitaliano, la mtumba, milango miwili tu. Limelala chini kiasi kwamba kuingia ni lazima utangulize makalio, miguu ifuate baadaye. Siti zote za ngozi. Za nyuma zipo, lakini ni za watoto au za mzigo usiojua kulalamika. Na usukani uko kushoto. Nchi hii dereva anakaa kulia. Humo anayekaa kulia ni abiria, ametulia, mikono mapajani, na gari linakwenda.

Lilikuwa la Matano, mfanyabiashara wa Kisarawe. Alimpa Faraji karibu bure. Nilimuuliza mwanangu wakati ule, "Kitu kizuri hivi mtu anakitupa, kina ubaya gani?" Akacheka. "Mama, wewe hata mvua ikinyesha unauliza nani kaituma."

Haya. Tangu alipate akaanza kukonda. Macho mekundu, shingo imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kila jioni analiacha Kwa Mathias, kwenye gereji ya rafiki yake Ally, halafu yeye anakwenda kulala chumba chake cha kupanga Tumbi, mbali nalo. Nikiuliza, ananiambia ni umeme. Vioo vinashuka vyenyewe. Taa zinajiwasha. Ally fundi naye akasema magari ya namna hiyo ndivyo yalivyo, nyaya zake zina deko kama mke mdogo. Mimi nimeishia darasa la saba, nyaya nitazijulia wapi?

Basi siku hiyo akalisimamisha mbele ya mlango. Jirani yangu Zubeda akatoka kwake mbio, upawa mkononi.

"Mwamini! Hilo ni gari au kiatu cha bwana harusi?"

"Hata kingekuwa kiatu, wewe ungekipanda lini?"

"Nipande nivunjike kiuno? Mwenzangu, wewe ukiingia humo tutakutoa kwa koleo."

Tukacheka. Faraji hakucheka. Alishuka na kanga mpya mkononi, ameikunja vizuri, na juu ya kanga ameweka ufunguo.

Hapa nieleze jambo moja. Katika ukoo wetu kitu hakihami mkono bila kauli. Iwe mbuzi, iwe shamba, iwe mtoto wa kulea, unakipokea kwa mikono miwili na unasema, nimepokea. Hapo ndipo kinakuwa chako, na shida zake zinakuwa zako. Usiposema, hata ukilala nacho kitanda kimoja, bado ni cha yule aliyekitoa. Faraji nilimfundisha mimi hilo, angali mdogo, kwa kikombe cha uji. Hapewi mpaka aseme.

Akapiga magoti mbele yangu. Mtu mzima yule, mbele ya jirani.

"Mama, umenilea peke yako. Sijawahi kukupa kitu. Gari hili nakukabidhi. Mimi nitakuwa dereva wako tu."

Zubeda akapiga kigelegele. Mimi si mtu wa machozi, wanaonijua wanajua. Lakini siku ile nilijifuta jicho. Nikanyoosha mikono miwili.

"Sema, mama."

"Nimepokea."

Faraji akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia la mkaa. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali. Akajifuta tena. Nililiona hilo. Nikadhani ni jasho.

Tukaondoka. Kiroba cha mihogo nyuma, mimi kulia, yeye kushoto. Kanga yangu mpya nimejitanda. Kutoka Mlandizi tukaishika barabara ya Morogoro, na vijana wa bodaboda kila tulipopunguza mwendo walikuwa wananipigia miluzi.

"Oyaa! Cheki bibi anavyoendesha! Kaachia usukani!"

"Bibi, nipe lifti, nami nikafe kifahari!"

Nikawapungia mkono. Nilijiona mtu. Nikamwambia Faraji, "Wanadhani mimi ndiye mwenye usukani." Akajibu taratibu, bila kunitazama, "Ndiyo, mama. Kila kitu njiani kinadhani hivyo."

Kwa Mathias akasimama kutia upepo gurudumu. Ally fundi akaja, mikono imejaa grisi, na tabasamu lake la siku zote. Akaniona nilipokaa. Tabasamu likakauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mbona unaniangalia kama unatazama maiti?"

Akazunguka upande wa Faraji, akainama dirishani. Alinong'ona, lakini masikio yangu bado ni mazima.

"Umempa mama yako?"

Faraji akatia gia.

Niseme kweli, hapo ndipo nilipoanza kushuku. Lakini mtoto uliyemzaa huanzi kumwogopa mara moja. Unamtafutia sababu kwanza. Nikasema labda wanazungumzia zawadi. Labda Ally anaona wivu.

Kiluvya tukakata kona kuifuata njia ya Kisarawe. Lami ikatuacha. Gari likawa linakwaruza tumbo kwenye mawe, nami namwambia polepole, utamwaga matumbo ya watu. Nyumba zikapungua. Miti ikasogea. Nyuma yetu, mbali, adhana ya magharibi ikaanza.

Kioo cha upande wangu kikashuka.

Chenyewe.

"Pandisha," nikamwambia.

Faraji hakupandisha. Alikuwa anatazama mbele, midomo inamcheza.

Ndipo ikaja harufu. Siti zile za ngozi, kavu, zilizopauka kwa uzee, zikaanza kunuka ngozi mbichi. Ngozi ya mnyama aliyechunwa sasa hivi, yenye joto bado. Nikaweka kiganja kwenye siti. Ilikuwa na unyevu. Ilikuwa na vinyweleo.

Gari likazimika.

Hakuna mngurumo. Hakuna jogoo, hakuna mdudu. Adhana ikakatika katikati, kama mtu ameifunika sufuria.

Siti ya nyuma ikalia... nyii... kama inavyolia mtu akikaa.

Halafu nikasikia kutafuna.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Muhogo mbichi. Sauti hiyo naijua tangu sijaota meno. Kitu kilikuwa nyuma yangu kinatafuna mihogo ya Firdausi, bila haraka.

Kutafuna kukakoma. Kikameza.

"Hodi," sauti ikasema. Ya adabu. Wala si ya mwanamume wala ya mwanamke, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. "Mwenye gari nani?"

Nikamtazama mwanangu. Na mwanangu, bila hata kugeuka, akajibu haraka kama mwanafunzi aliyekariri.

"Mama. Ni la mama. Amepokea mwenyewe kwa mikono miwili, na jirani ni shahidi."

Usoni sikuhisi kitu. Nilihisi kwenye matiti, yale aliyonyonya.

"Faraji. Huyu nani?"

"Nisamehe, mama." Alikuwa analia, lakini kilio cha mtu anayesikia nafuu. "Kila magharibi linaniuliza mimi. Kila siku liko karibu zaidi. Matano alinificha, alinipa tu akaniambia nipokee, nami nikasema nimepokea. Nilipomfuata ananiambia halipungwi, halifukuzwi. Siku likichoka kuuliza linaondoka na mwenye gari. Labda kama utampa mtu wa damu yako..."

"Mtu gani?"

"Mtu... aliyekwisha ishi, mama. Wewe Mungu kakujalia umri."

"Kwa hiyo ulinipima, ukaona kilichobaki ni kidogo."

Akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikoniua. Angesema hapana, hata kwa uongo, ningemshika mkono.

Kitu kikasogea nyuma yangu. Pumzi ya baridi ikanigusa sikio, inanuka muhogo na ngozi.

"Mwenye gari nani?"

Sasa mimi ni mwanamke wa maneno. Wengine wakiogopa hukimbia, wengine hujikojolea. Mimi mdomo ndio unaofunguka.

"Ni mimi. Mwamini binti Kudra. Na wewe koma kutafuna mihogo yangu, ilikuwa ya mgonjwa."

Pumzi ile ikajitenga na sikio langu. Nadhani hakikuwahi kukaripiwa.

Hapo akili ikanirudi. Gari ni langu. Nimepokea, na jirani ni shahidi. Kama ni langu, basi naweza kumpa nimtakaye.

Nikanyoosha mkono, nikauchomoa ufunguo pale kwenye usukani. Faraji akaona. Akapiga ukelele wa mtoto, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja na kuikalia.

"Mama, usinirudishie! Sipokei! Sipokei mimi!"

Baba mzima wa miaka yake, amekalia mikono yake ili isimwokoe mama yake. Nimeona mengi. Hilo sijapata kuliona.

"Nani kasema nakupa wewe? Shuka kwenye gari langu."

Akafungua mlango kwa kiwiko, akaanguka nje. Nikausikia mguu wake wa kwanza kwenye kokoto, wa pili, kisha mbio. Alikimbia kurudi Kiluvya. Hakuniita. Mbio zikaenda zikaenda, zikafa.

Tukabaki wawili.

Nikavua ile kanga mpya, nikaikunja, nikaweka ufunguo juu yake. Sikugeuka. Nikaipitisha kanga juu ya bega langu, nyuma, gizani, kwa mikono miwili.

"Gari hili nakukabidhi," nikasema. "Sema umepokea."

Muda ukapita. Mikono ikaanza kuniuma.

Kisha chini ya mikono yangu ikaja mikono mingine. Midogo. Baridi kama chungu cha maji. Ikakaa pale, viganja juu, jinsi nilivyomfundisha Faraji na kikombe cha uji.

"Nimepokea," sauti ikasema.

Kanga ikatoka mikononi mwangu.

Nilikuwa tayari nimeshatoa mguu mmoja nje iliposema tena. Polepole, karibu kwa aibu.

"Ahsante, mama."

Gari likanguruma lenyewe, bila kutoa mwanga wowote. Nikasimama pembeni likipita. Siti zote mbili za mbele zilikuwa tupu. Nilikwenda kwa miguu mpaka nikaona taa ya duka, na wenye duka wakanipeleka kwa Firdausi. Sikumweleza. Nilimwambia mihogo imeliwa njiani.

Faraji yuko Tumbi, chumba kilekile. Aliniletea ujumbe kupitia Ally: anaomba radhi, anaogopa kuja. Ally naye anasema ni nyaya, kwamba gari lilijiwasha likatumbukia korongoni na siku moja litaonekana. Inawezekana. Madereva wa malori wanasema wameliona njia ya Kiluvya likienda bila mtu. Wenzao wanawacheka: usukani wake uko kushoto, nyie mmetazama siti ya abiria. Hilo nalo linawezekana.

Ila kwangu linakuja.

Si kila siku. Jua likilegea nalisikia mngurumo ule wa kifuani, halafu linazimika nyuma ya nyumba. Zubeda siku hizi akilisikia hufunga mlango, hana utani tena. Mimi nakaa ndani, sifungui. Asubuhi nakuta mihogo mlangoni, imeoshwa, imepangwa. Siigusi mpaka nimwage maji na kusema hii si yangu. Sipokei kitu tena kutoka kwa yeyote, hata chumvi ya jirani. Weka chini, nitaiokota mwenyewe.

Linasimama dirishani.

"Shikamoo, mama."

Mwanzoni sikuitikia. Lakini mwaka unapita, na niliyemzaa hajaja hata kuchungulia. Siku moja mdomo ukanitoka. Nikasema, "Marahaba."

Tangu hapo limezoea. Linauliza nimekula nini. Linauliza mguu wa Firdausi. Adabu zake hazina kasoro. Juzi likakaa muda mrefu bila kusema, nikadhani limeondoka, mpaka nikasikia ile harufu ya ngozi mbichi imeingia chumbani.

"Mama," likasema. "Yule kaka yangu siku hizi anaishi wapi?"

Sijajibu.

Jana likauliza tena.