Kaisari Aliyesuguliwa

Siku ya soko, kwenye parking ya magari ya Beni pale Butembo, Kitsa alikuwa anafunga sufuria zake juu ya gari alipomuona mama mumoja aliyevaa kikwembe cha njano, nywele zimesukwa vizuri, amebeba mutoto mugongoni. Mutoto alikuwa na sura nyeusi, pua ndefu na taji la majani.

"Mama, mutoto wako anazeeka mbio," Kitsa akamwambia.

Mama akacheka mpaka akashika mulango wa gari. "Huyu ni Kaisari Augusto, papa. Ule wa Luka, aliagiza batu bahesabiwe. Ukimuweka ndani ya mufuko, kila barrière ya askari banataka bamufungue. Mutoto, hapana mutu anamugusa."

Aliitwa Solange, muuzaji wa mapambo ya zamani huko Beni: saa za ukutani, taa, vinara. Kichwa kile cha sanamu, cha bronze, alikitoa katika nyumba ya Mubelgiji mwenye mashamba ya kahawa, upande wa Kayna. Kilitengenezwa Italia zaidi ya miaka mia iliyopita, na kuna watu wanaotafuta makaisari kama wale mpaka wawapate wote kumi na wawili. Kitako chake cha jiwe kilikuwa kimevunjika. Kitsa, fundi wa kuyeyusha alumini na kutengeneza sufuria, akakigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema kibaki kwake wiki moja akitengeneze.

Wiki ikawa mwezi, kosa la simu. Solange alipiga kila jioni kumusalimia Kaisari, halafu wote wawili wanamusahau. Mara ya kwanza alimwita Kitsa "chéri" kwa bahati mbaya, mara ya pili kwa makusudi. Kitsa alikuwa hajacheka hivyo tangu mke wake Agar auawe barabarani pale Mbau, siku mbili baada ya wakubwa wa serikali kutangaza kwamba barabara iko salama. Hakuna hata mumoja wao aliyekuja kwenye kilio.

Basi Solange aliposema anakuja kumuchukua Kaisari, Kitsa akachukua ndimu na mchanga laini, akamusugua Kaisari toka asubuhi mpaka akang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Solange akaingia karakanani amevaa robe ya bleu, marashi yake yakashinda moshi. Akaona. Akakaa juu ya gunia la makaa.

"Kitsa, ule weusi ndio ilikuwa bei. Ni ngozi ya miaka mia. Umemuchuna."

"Nilitaka akupendeze."

Lakini Kaisari hakuwa wa kumupendeza Solange. Bila kumuangalia, akaeleza: mukubwa wa bureau moja ya serikali kule Beni anakusanya makaisari, na bila kichwa hiki hatatia sahihi karatasi ya ruhusa ya duka la Solange.

Kitsa akatupa kitambaa. "Donc mwezi muzima ninatengenezea mukubwa. Bibi yangu alipokufa, mukubwa gani alinitengenezea kitu?"

"Sio mimi niliua bibi yako."

"Lakini wewe ni mutu wao. Unabapelekea zawadi."

Solange akamubeba Kaisari, akaenda. Wiki tatu simu ikanyamaza. Sufuria alizotengeneza Kitsa zikatoka na matundu. Akitafuta namba ya Solange kwenye simu, anaiacha. Halafu asubuhi moja Solange akapiga.

"Ninaingia kwa ule mukubwa saa tisa. Sikuombe kitu. Ninataka tu mutu anayenijua ajue niko wapi."

Kitsa akaacha tanuru linawaka, akarukia pikipiki ya motari wa kwanza mpaka Beni. Aliwakuta Solange na mukubwa ndani ya bureau, mulango uko wazi, korido imejaa watu wanaongojea. Mukubwa alikuwa amemushika Kaisari kwa sikio.

"Nilitaka Kaisari, umeniletea sufuria. Ukipata kitu kingine cha kunifurahisha, rudia. Peke yako."

Solange akakichukua kichwa, akachukua na karatasi yake isiyo na sahihi.

"Sitarudia, papa. Kesho ninafungua duka. Kama unataka kulifunga, kuja wewe mwenyewe, mchana, batu bote baone."

Akatoka, akamukuta Kitsa mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nilikuita mutu wao," Kitsa akasema. "Nilikosa."

"Ulikosa sana."

"Ninataka kukuoa, Solange."

"Unaniambia hii hapa, mbele ya bureau yao?"

"Hapa. Basikie."

Solange akamupa Kaisari amubebe, akajipangusa uso, akasema kwa sauti ya kufika mpaka ndani:

"Basi siku ya yenga, kisha kanisa, uende kwa papa yangu na mbuzi. Ruhusa yangu iko kwake. Hapa, hatuombe tena kitu."