Ombi Lisilo na Salamu

Shida ilianza na kitu kidogo tu, cha kuudhi. Kila alasiri, kompyuta zote za saiba ya Nasir, pale nyuma ya msikiti mjini Bungoma, zilikwama na kuandika: Ombi halieleweki. Wanafunzi waliokuja kuomba nafasi za chuo wakasonya, wakaenda zao. Na ile proksi, mashine ya katikati inayopokea ombi la kila kompyuta, kulipeleka mtandaoni na kurudi na jibu, ikaanza kutoa joto lenye harufu ya karafuu maiti, ile inayotiwa kwenye sanda.

Nasir mwenyewe hakuwepo kuitengeneza. Lori lilimgonga barabara ya Kachibora, akazikwa Kitale jioni ileile kabla mkewe Zulekha hajafika. Hakumwona hata uso. Sasa alikuwa katika eda ya kufiwa, amekaa chumba cha nyuma ya saiba, na wanaume aliongea nao kupitia pazia tu. Maskini, alichotaka duniani ni neno moja la mwisho la mumewe, na hilo hakuna aliyekuwa nalo wa kumpa.

Akaitwa Absalom, fundi wa Kitale, rafiki wa Nasir tangu shule. Akaketi mbele ya proksi, akafungua kumbukumbu za makosa, akasoma.

"Shemeji," akanong'ona kwenye pazia, "nani ako na simu ya Nasir?"

"Iko hapa kwa kabati. Si ilisagika? Haina hata betri. Kwani?"

"Ndiyo inatuma hizi maombi. Lakini zinakuja vibaya. Mashine zikiongea, ile inaomba lazima ianze na salamu, iseme ni nani na inataka nini. Hii haisalimii, bana. Inaingia tu. Proksi inakataa, halafu inakwama na wengine wote."

"Inataka nini?"

"Sijui. Naweza legeza hii proksi, ipitishe hata kile haielewi. Lakini shemeji, hatutajua tumeingiza nini."

Zulekha alikuwa tayari analia. "Ilegeze. Absalom, nakuomba, ilegeze. Ni yeye."

Fundi mwenye akili zake angekataa. Lakini huyu naye alikuwa amemzika rafiki, na moyo ulikuwa haujapoa. Akailegeza.

Feni za kompyuta zikanyamaza moja baada ya nyingine, harufu ya karafuu maiti ikajaa chumbani mpaka ikawawasha kooni, pazia likaanza kuvutika taratibu na upepo haupo, kama kuna mtu analishika kwa kidole, na kutoka kwenye spika zote, hata zile zilizochomolewa, ikaja sauti ya Nasir, ileile yenye mkwaruzo, ikisema polepole, "Zulekha. Fungua. Nina baridi."

Yarabi, jinsi alivyoruka! Mkono ulishafika kwenye pazia. Hapo ndipo ukasita. Nasir alikuwa mtu wa kutoa salamu hata akitoka bafuni, mpaka watu wakimcheka.

"Assalamu alaikum, Nasir," akasema.

"Fungua."

"Assalamu alaikum, mume wangu. Nijibu tu."

"Fungua, mpenzi. Fungua."

Zulekha akaanguka magotini. Kilio kilichomtoka hakikuwa cha woga. Kilikuwa cha mtu anayefiwa mara ya pili.

"Si yeye, Absalom. Ifunge. Hiyo simu usiipitishe tena, hata ikisema nini."

Zulekha akaanza kusoma Ayatul Kursi, aya ya kinga. Vidole vya Absalom vikahangaika kwenye kibodi huku ile sauti ikilia, ikimwita, ikimsihi mwanamke yule kwa kila jina la mapenzi, mpaka ikakatika ghafla. Feni zikavuma tena. Harufu ikapungua, na kompyuta zikafungua kurasa vizuri.

Absalom akatazama kumbukumbu mara ya mwisho ili kuhakikisha. Kulikuwa na ombi jingine limefika kutoka simu ileile. Hili halikuwa na kosa lolote. Lilianza kwa utaratibu wake: Assalamu alaikum, mke wangu. Nisamehe nimeondoka bila kukuaga. Na chini yake, kama alivyoiamuru yeye mwenyewe, proksi ilikuwa imeandika: Limekataliwa.

"Absalom?" Zulekha akauliza nyuma ya pazia. "Kuna kitu kimekuja?"

Absalom akajipangusa macho kwa mkono wa shati.

"Hakuna kitu, shemeji," akasema. "Imenyamaza."